Karatasi Ilikuwa Yangu, Maneno Yalikuwa Yake

Barua zilikuwa nne. Nilipoanza kuandika haya niliweka tatu, mke wangu akanisahihisha: nne, ukihesabu na ile fupi aliyoiandika nyuma ya risiti usiku ambao karatasi zilimwishia. Aliziandika mwaka wa pili wa ndoa yetu, katika miezi mitano aliyokwenda kumuuguza mama yake. Simu tulikuwa tukipigiana, lakini kwenye simu alisema habari za dawa na homa tu, kwa kuwa mgonjwa alikuwa kitandani pale pale akisikia kila neno. Mengine aliyaandika usiku. Katika barua hizo mna mambo ambayo mtu huyaandika kwa kuwa anamjua msomaji wake, na anajua ni mmoja tu.

Miaka tisa baadaye niliiuza mojawapo. Nilimuuzia mhariri wa safu ya mambo ya ndoa, nikiwa nimebadilisha majina, nimepunguza hapa na kuongeza pale. Malipo yake yalitulipia kodi ya nyumba ya miezi miwili.

Watu wakisimulia habari za mwandishi aliyeuza utu wake, husimulia kana kwamba ipo siku moja aliyoamka akafanya hivyo. Mimi siku hiyo sikuiona. Niliona siku nyingi ndogo ndogo, kila moja na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli: ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa kweli, mwenye nyumba alikuwa amebisha hodi kweli. Ndiyo maana nataka kuieleza njia nzima. Anayeutazama mwisho wake tu atadhani yeye hawezi kufika.

Kitabu changu cha kwanza kilinichukua miaka minne, na miaka hiyo yote tuliishi kwa mshahara wa mke wangu. Yeye ndiye aliyesema niache kazi niandike. Yeye ndiye aliyesoma kila sura usiku, amechoka, kalamu ya risasi mkononi. Alikuwa na jicho ambalo sijaliona kwa mhariri yeyote. Sentensi ikiwa nzuri lakini ya uongo, aliipigia mstari mmoja mwembamba bila kusema neno, akaendelea. Mwanzoni nilikuwa nikibisha. Kisha nikaacha, maana kila niliporudi kwenye mstari ule nilikuta ni kweli, nilikuwa nimependa mlio wa maneno kuliko jambo lenyewe.

Mkataba ulinipa mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya jalada, na nilisherehekea kabla ya kupiga hesabu. Hesabu yenyewe ni hii: zikiuzwa nakala 1,000, mwandishi amepata thamani ya nakala 100. Na aliyepewa malipo ya awali hapati kitu kingine mpaka mrabaha wake uyafidie kwanza yale malipo. Wangu haukuyafidia.

Hakuna aliyenisimanga. Ndugu wa pande zote mbili walinyamaza kwa heshima, na mke wangu hakuwahi kunihesabia hata siku moja. Nilijisimanga mwenyewe. Mwanamume anayeona aibu kulishwa na mkewe hujifunza kusikia lawama hata katika mlio wa mlango ukifungwa. Aliponiuliza, "Umeandika leo, mume wangu?" nilisikia, "Umeingiza nini leo?" Nikawa namjibu kwa ukali mwanamke ambaye hakuwemo nyumbani, yule niliyemtunga mwenyewe kichwani. Nadhani ufa ulianzia hapo, miaka mingi kabla ya barua. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumwekea maneno mdomoni.

Kazi ya kwanza niliyoifanya kwa ajili ya fedha tupu ilikuwa ya uandishi kivuli, yaani kumwandikia mtu kitabu kinachotoka kwa jina lake. Tajiri mmoja alitaka kitabu cha maisha yake. Kazi hiyo yenyewe haina ubaya. Wako watu wenye mambo mazito ya kusimulia wasio na ufundi wa kuyaandika, na anayewasaidia anafanya kazi halali. Niliifanya kwa moyo mpaka sura ya sita, ambapo alitaka niandike kwamba alijenga shule kwa fedha zake. Nilikuwa nimewahoji watu. Shule ile ilijengwa kwa michango ya wazazi, kidogo kidogo, yeye alifika siku ya kukata utepe. Nikamweleza. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, wewe andika. Anayesaini ni mimi."

Nikaandika. Mkataba wetu ulikuwa na kifungu kinachosema ninaachilia haki zote, pamoja na haki ya kutajwa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaolinda kazi za waandishi katika nchi nyingi za dunia, uliongezewa mwaka 1928 kipengele kinachosema kwamba hata mwandishi akishauza mapato ya kazi yake, bado ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga, na haki ya kupinga isiharibiwe. Nchini Ufaransa haki hiyo haiuziki hata mwenyewe akitaka. Kwingine mwandishi huombwa aiweke kando kwa saini, nami nilisaini haraka, kwa kuwa sikutaka jina langu lionekane popote karibu na sura ya sita. Waliokipigania kipengele kile walitaka jina la mwandishi lisifutwe. Mimi nilipumua lilipofutwa.

Mke wangu aliusoma mswada ule. Alipofika sura ya sita hakupiga mstari wowote. Alilifunga kabrasha, akaniuliza, "Na wale wazazi umewaweka wapi?" Nikamjibu kwamba kitabu si changu na jina si langu. Tangu siku hiyo sikumpa tena kazi yangu aisome. Nilimwambia sitaki kumchosha, akakubali, na kumbe nilikuwa nimemfukuza msomaji pekee aliyejua ninapodanganya.

Baada ya hapo ikaja safu. Malipo yake yalikuwa ya namna mbili: kiasi kidogo kwa kila makala, na nyongeza kulingana na idadi ya waliofungua na muda waliokaa wakisoma. Anayelipwa hivyo hufundishwa na tarakimu upesi kuliko anavyofundishwa na mwalimu yeyote. Makala juu ya wanandoa wanaosikilizana haikwenda mbali. Makala juu ya mke aliyemficha mumewe deni ilisomwa usiku kucha. Nikaanza kuamka saa nane za usiku kutazama tarakimu zimepanda kiasi gani, mke wangu akiwa amenipa mgongo, mwanga wa simu ukutani. Mhariri alikuwa kijana mwenye adabu, na kwa namna yake alisema kweli: "Kaka, unaandika vizuri, lakini hizi ni za kutunga, na msomaji ananusa. Tupe kilichotokea."

Sikuanza na barua. Nilianza na ugomvi wetu mdogo, nikauandika kama wa jirani. Kisha nikaandika jambo ambalo shemeji yangu alimwambia dada yake kwa siri, nami nikiwa chumba cha pili. Kila mara nilijiambia kwamba nimebadilisha majina. Wiki niliyokosa kitu kabisa nilisogeza kiti kwenye kabati, nikalishusha sanduku la barua.

Barua yenyewe, kama alivyoiandika, haikutosha. Ilikuwa barua ya mtu aliyechoka anayempenda mgonjwa wake. Mhariri alisema ina machozi lakini haina moto. Nikaongeza aya moja. Katika aya hiyo mwandishi wa barua anamwombea mama yake afe upesi ili arudi kwa mumewe.

Mama mkwe alikuwa na miaka minane kaburini. Tarakimu za makala ile zilipita zote nilizowahi kuziona.

Mke wangu aliisikia kazini. Mwenzake alikuwa akiwasomea wengine wakati wa mapumziko, wakibishana kama mwanamke wa namna ile alistahili hata kwenda mazikoni. Aliitambua kwa sentensi moja, jinsi alivyoielezea pumzi ya mama yake usiku. Sentensi hiyo siiandiki hapa. Alibaki ameketi mpaka usomaji ukaisha, akaisikia na ile aya yangu.

Hapa palikuwa na aya mbili juu ya jioni hiyo. Amezisoma, amezikata kwa mistari miwili mizito, na sikumuuliza sababu. Alichoniruhusu niandike ni maneno mawili aliyoniambia kabla ya kwenda kukaa kwa dada yake. La kwanza: "Ulibadilisha jina langu, ukayaacha maneno yangu." La pili alilisema akiwa mlangoni, mkoba begani, hakunitazama: "Sikuwahi kumwombea mama afe."

Alikaa huko wiki saba.

Katika wiki hizo nilitafuta wa kunitetea, nikaanza na sheria. Nilijiambia kwamba barua niliandikiwa mimi, bahasha zina jina langu, sanduku ni langu. Mtu haibi kilicho chake. Nikakuta kwamba swali langu lilikwisha kujibiwa zamani sana. Mwaka 1741, nchini Uingereza, mshairi Alexander Pope alimshtaki mchapishaji Edmund Curll kwa kuchapisha barua zake bila idhini. Jaji, Lord Hardwicke, alitenganisha vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa nimevichanganya: aliyepokea barua anaimiliki karatasi, lakini haki ya kuyachapisha maneno inabaki kwa aliyeyaandika. Nchi nyingi zinaishika kanuni hiyo hadi leo. Niliisoma nikiwa nimekaa sakafuni, sanduku likiwa wazi mbele yangu, nikaona aibu kwamba jambo la namna hii ilibidi nilipate kwa jaji.

Nikaufungua na mkataba wa safu. Kulikuwa na kifungu ambacho kimo katika mikataba mingi ya uandishi, na ambacho tunakipita macho yakikimbilia malipo: mwandishi anathibitisha kwamba kazi ni yake mwenyewe na haivunji haki ya mtu mwingine. Chini yake saini yangu.

Kisha nikaenda kwa wakubwa wa fasihi, nikitumaini watanisamehe pale sheria ilipokataa. Robert Lowell, mshairi wa Marekani, alimwacha mkewe Elizabeth Hardwick, mwandishi pia, kisha akazitia barua za mwanamke huyo ndani ya mashairi yake, akizibadilisha alivyotaka. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Nilipofika kwenye tuzo nilidhani nimepata hati ya kuachiwa huru. Lakini mwaka 1972, kabla kitabu hakijachapishwa, rafiki yake mkubwa, mshairi Elizabeth Bishop, alikuwa amemwandikia kumsihi. Alimwambia kwamba sanaa haina thamani kubwa kiasi hicho. Na kilichomuumiza zaidi hakikuwa barua kutumika tu, bali barua kutumika zikiwa zimegeuzwa, kweli ikachanganywa na ya kubuni, msomaji asiweze kujua lipi mwanamke alilisema na lipi hakulisema. Niliisoma hoja hiyo nikaona ile aya yangu mbele ya macho. Lowell aligeuza barua kwa ajili ya shairi, mimi kwa ajili ya kodi ya nyumba. Zamani ningesema tofauti hiyo ni kubwa sana. Kwa mwenye barua sioni kama inapunguza chochote.

Niliyemwacha mwisho alikuwa Dostoevsky, mwandishi wa riwaya wa Urusi, kwa kuwa hadithi yake niliipenda tangu ujana, na mara nyingi nilimsimulia mke wangu tulipokuwa tumeishiwa. Mwaka 1865, akiwa amezongwa na wadai, alisaini mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky kwa ruble 3,000. Sharti: alete riwaya mpya kabla ya tarehe 1 Novemba 1866, la sivyo mchapishaji atavichapisha vitabu vyake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ikaingia hana ukurasa. Akamwajiri msichana wa miaka 20, Anna Snitkina, aliyejua hati mkato, mwandiko wa alama za kunasa maneno upesi. Kwa siku 26 yeye akatamka, Anna akaandika, riwaya ikakamilika. Siku ya kukabidhi mchapishaji hakupatikana, mswada ukaachwa kituo cha polisi kwa risiti. Februari 1867 wakaoana. Nilikuwa nikiisimulia hivyo, nikiishia kwenye harusi, kana kwamba dhiki ni mkunga wa kila kizuri.

Safari hii niliendelea mbele, nikamfuata Anna. Miezi michache baada ya harusi waliondoka Urusi, na ili safari iwezekane Anna aliweka rehani vitu vyake vya nyumbani. Huko Baden, Ujerumani, mumewe akacheza kamari. Zikaenda rehani hereni za Anna, ikaenda pete, zikaenda nguo, naye ni mjamzito. Kamari mumewe aliiacha mwaka 1871. Baadaye Anna alizichukua hesabu zote mikononi mwake, akakabiliana na wadai mwenyewe, na kuanzia mwaka 1873 wakawa wanachapisha vitabu wao wenyewe. Haya yote yanajulikana, nami nilikuwa nimeyasoma zamani bila kuyaona. Lakini lipo dogo moja lililonikalisha chini. Mwaka ule wa 1867 Anna alikuwa akiandika shajara, na aliiandika kwa hati mkato, ambayo mumewe hakuweza kuisoma. Ameolewa na mtu aliyeusoma moyo wa binadamu kuliko wengi waliowahi kushika kalamu, akajitengea mahali ambapo mtu huyo hakuweza kuingia.

Mke wangu hakujitengea mahali. Aliniandikia kwa mwandiko wa kusomeka.

Najua yatakayosemwa. Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mwenye njaa asihukumiwe na aliyeshiba. Nimeishi ndani ya methali hiyo na siidharau. Hasira yangu juu ya malipo ya waandishi haijapungua hata kidogo. Mtu anayetoa miaka minne kwa kitabu na kuambulia thamani ya nakala mia anadhulumiwa, na tovuti inayompa nyongeza kwa kadiri anavyowaumbua watu wake inajua vizuri inanunua nini. Nitayasema haya mbele ya mchapishaji yeyote. Ila nimejizuia kuitumia hasira hiyo kama shahidi wangu. Njaa ilikuwa yetu sote wawili, tuliilala pamoja, tukaiamkia pamoja. Aliyeandika barua zile alikuwa na njaa ile ile niliyokuwa nayo mimi, wala hakuuza kitu cha mtu.

Alirudi kwa sababu zake, na zote sizijui. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia mhariri kumweleza kwamba nilivunja mkataba, kwamba barua ilikuwa ya kweli na si yangu, na kwamba nitarudisha malipo kwa mafungu. Akajibu kwamba ili kuiondoa makala anahitaji tamko lililosainiwa na mwenye maneno. Fomu ilikuja ina nafasi mbili, juu ya mojawapo pameandikwa "mwandishi". Niliiweka mezani, nikatoka nje. Niliporudi nilikuta amejaza jina lake kamili, lote, pamoja na lile la baba yake ambalo halitumii siku hizi. Katika miaka yote hiyo ya kuishi na vitabu na miswada, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza iliyomtambua yeye kuwa mwandishi.

Makala iliondolewa. Nakala zilizokwisha kusambaa kwenye simu za watu haziondolewi na mtu, na humo ile aya yangu bado inasomwa kuwa ni maneno ya binti juu ya mama yake. Sura ya sita nayo ipo madukani kama nilivyoiandika. Mkataba unanifunga mdomo kumtaja yule tajiri, na wale wazazi bado sijapata pa kuwaweka. Hilo sijalirekebisha.

Siku hizi nasahihisha miswada ya wengine na kutafsiri maelekezo ya matumizi ya mitambo. Kazi hiyo ninaipenda kuliko nilivyotarajia, maana pampu ikieleza jinsi inavyofungwa haina siri ya kutoa. Mshahara mkubwa ni wa mke wangu, kama zamani. Akiniuliza kama nimeandika, najaribu kulisikia swali lile lile aliloliuliza. Barua amezichukua zote nne. Sijui amezihifadhi wapi na sijauliza.

Tangu aliporudi, jumbe zake kwangu zilikuwa fupi. "Nimefika." "Lipa umeme." "Nitachelewa." Mtu aliyewahi kusikia maneno yake yakisomwa mbele ya watu, yakiwa na mengine yasiyo yake, huyapima kabla hayajatoka. Nilielewa, na niliona ni haki yake iwe hivyo mpaka mwisho kama ndivyo atakavyo.

Mwezi uliopita alisafiri kikazi siku nne. Usiku wa tatu simu iliwaka nikiwa jikoni. Ulikuwa ujumbe wa mistari kumi na mmoja. Niliusoma mara mbili nimesimama, nikamjibu, nikazima taa.